Herufi K

Mkono wangu wa kulia ulipolegea baada ya kiharusi, sikulia. Nilikasirika. Nilirudi kazini, mapokezi ya maabara, nikakuta kipanya cha kompyuta hakinisikii tena. Nikilenga kitufe, nabonyeza pembeni. Foleni ikarefuka. Mkuu wa maabara akaniambia kwa upole kwamba mpaka Ijumaa nisipoimudu kazi, atanihamishia stoo. Upole wake ndio ulionichoma.

Programu yetu aliitengeneza shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtu wa maneno mengi. Nilimvaa bila salamu. Nilimwambia kile kidirisha cha majibu, kinachochomoza juu ya dirisha kubwa, kina vitufe vidogo kama punje za mchele. Alivuta kiti, akanitazama ninavyohangaika, kisha akasema atakiwekea kidirisha menyu yake, niiendeshe kwa herufi, kwa mkono wa kushoto tu.

Kesho yake menyu ilikuwapo: Kuhifadhi, Kuchapa, Kusahihisha, Kufunga. Nikabonyeza K nichape, ikahifadhi. Nikabonyeza tena, ikahifadhi tena. Maneno yote yalianza kwa K, na kompyuta ilishika la kwanza tu.

Nilipompigia simu alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia aniondolee hizo "ku" zake zote.

"Bila ku utakuwa unaamrisha," akasema.

"Kwani nyumbani nafanya nini?"

Akaziondoa. Hifadhi, Chapa, Sahihisha, Funga: kila neno na herufi yake, na mkono wa kushoto ukazizoea upesi kuliko nilivyodhani. Ijumaa mkuu alisimama nyuma yangu kwa muda, akitazama watu wanavyopokea majibu yao na kwenda zao. Akaniuliza kama Jumatatu naweza kuwahi kufungua. Habari ya stoo hakuigusa.

Hapo ndipo nikaona neno jipya chini ya menyu: Kaa. Awali, kila nikimaliza mgonjwa mmoja, kidirisha kilijifunga nikaanza kukitafuta upya. Sasa nikibonyeza K kinabaki wazi, kikimngoja anayefuata.

Namshukuru yule mtu, na maneno yake mengi yote nimeyasamehe. Nilimpigia jioni ile nimwambie hivyo, akaniwahi.

"Umeiona K?" akauliza.

"Nimeiona."

"Basi kaa, shemeji."