Vibanio vya Bibi Harusi

Mchezo aliuleta Shangazi, na Shangazi akishaamua jambo, nani wa kumzuia? Asubuhi ya siku ile ya kumuaga bibi harusi alimpigia simu bwana harusi, fundi umeme, akamkuta juu ya ngazi na nyaya mkononi. Akammiminia maswali papo hapo, bila kumpa nafasi ya kufikiri, huku simu ikirekodi. Sasa wanawake wamejaa sebuleni, soda zimefunguliwa, na Shangazi kashika simu mkono mmoja, kikapu cha vibanio vya nguo mkono wa pili. Masharti mepesi: bibi harusi ajibu kwanza, kisha isikike sauti ya mchumba wake. Majibu yakipishana, bibi harusi anabanwa kibanio kwenye gauni.

Bibi harusi alifundisha darasa la kwanza, na hata nyumbani walimwita Mwalimu. Kando yake aliketi Kipusa, msimamizi wake wa harusi. Walilala chumba kimoja miaka yote ya chuo, na hadi leo walikuwa chanda na pete.

"Swali la kwanza," Shangazi alisema. "Bibi harusi anapenda chai ya namna gani?"

"Ya sukari tele," Mwalimu akajibu, na watu wakacheka, maana nani asiyejua?

Sauti ya Fundi ikatoka kwenye simu: "Chai? Ya tangawizi, bila sukari kabisa."

Sebule ikaangua kicheko. Kibanio kikabanwa begani. Mwalimu naye alicheka. Wanaume ndivyo walivyo, alijisemea.

"Anaogopa nini?"

"Radi."

"Paka," ikasema simu. "Akimwona paka anapanda kiti."

Hapo mama mtu alicheka hadi machozi, kwa sababu paka wa Mwalimu alikuwa amelala mapajani mwa huyo huyo Mwalimu wakati ule ule. Mwalimu alibanwa kibanio cha pili, na jicho lake likaenda kwa Kipusa bila yeye kulituma. Kipusa alikuwa amekunja miguu juu ya kochi tangu alipofika. Paka akijinyoosha tu, naye anashtuka. Na kikombe kilicho mbele yake kilikuwa cha tangawizi.

Machale yakamcheza Mwalimu. Akajikaza kisabuni.

"Akikasirika hufanya nini?"

"Nanyamaza," alisema polepole.

"Hukunja nguo," ikasema simu. "Hata zilizokwisha kunjwa, anazikunjua azikunje upya." Halafu Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka.

Sasa niambie wewe, mwanamume anamwona wapi mwanamke akikunja nguo? Si mkahawani, si kituo cha basi. Mwalimu aliishi na tabia hiyo miaka mitatu chuoni, na haikuwa yake. Alimpenda yule mtu, na ndoa ilikuwa Jumamosi.

"Huyu bwana hakujui hata kidogo," Kipusa alisema akimbana kibanio cha tatu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Shangazi," Mwalimu akasema, "tubadilishe. Mwulize Kipusa habari za bwana harusi. Akikosa, naye abanwe."

"Mimi? Mimi namjulia wapi?"

"Si ni mchezo tu, shoga?"

Darasani Mwalimu aliwajua watoto wake. Asiyejua hupata hili akakosa lile. Anayeficha jambo hukosa yote, hata yaliyoandikwa ubaoni. Kwa hiyo aliomba kimoyomoyo Kipusa apate walau moja. Moja tu, na yeye angejiona mjinga, akamwomba radhi rafiki yake, akaolewa kwa amani.

"Anapenda chai au kahawa?" Shangazi aliuliza.

"Mh. Kahawa?"

Chai, wote walijua. Kibanio.

"Ana ndugu wangapi?"

"Kwa kweli sijui." Na ndugu zake wote wawili walikuwapo mezani siku ya posa, pamoja na Kipusa. Kibanio.

"Haya, nakupa la bure," Shangazi alisema. "Anakula kwa mkono gani?"

Shangazi alimtania Fundi kwa mkono wake wa kushoto kila alipokanyaga nyumba ile. Jumapili iliyopita tu Kipusa aliketi karibu naye, viwiko vikagongana, akahamia kiti kingine mbele ya watu wote.

"Wa kulia," Kipusa alisema.

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika kipande kipande. Mama mtu aliinua macho kutoka kwa paka. Kipusa hakumtazama mtu. Alinyoosha mkono mezani palipopangwa vitambaa vya kufutia mikono, akachukua kimoja kilichokunjwa vizuri, akakikunjua, akaanza kukikunja upya. Akachukua cha pili.

Mwalimu alimtazama hadi cha tatu. Kisha akavitoa vibanio kwenye gauni lake, akainama, akavibana kimoja kimoja kwenye mkono wa blauzi ya rafiki yake, bila haraka.

"Hivi ni vyako," alisema. "Yeye hakukosea hata swali moja."