Mistari ya Makaa Kwenye Mwimo wa Stoo

Jumapili ya kwanza baada ya watoto kufika, familia ya Huisman ilirudi kutoka kanisani saa sita kasorobo, nyama ikiwa imeshaiva kwenye oveni, na kabla mtu hajavua viatu Bibi Marlys alikwisha kuchomoa penseli nyuma ya sikio na kuwapanga wajukuu tisa mbele ya mlango wa stoo ya chakula. Saba walijua la kufanya. Visigino chini, mgongo kwenye mwimo, macho mbele, kitabu cha nyimbo juu ya kichwa. Wawili walioasiliwa kutoka nchi ya mbali, walioshuka kwenye ndege Jumanne ile, Admasu na dada yake Mitike, waliwatazama wenzao mara moja tu, kisha zamu yao ilipofika wakasimama vilevile bila kuelekezwa.

"Hawa wameshapimwa," alisema Marlys. "Mtoto ambaye hajawahi kupimwa huinua kidevu."

Mwimo ule ulikuwa mkongwe kuliko nyumba yenyewe, kwa sababu kimbunga kilipoibomoa nyumba ya kwanza, mwimo ndio uliobaki umesimama, na babu yake Brent akajenga upya kuuzunguka. Kila aliyeingia katika ukoo alipimwa pale, awe amezaliwa au ameolewa. Joleen mwenyewe, mama wa nyumba hii, alipimwa siku aliyochumbiwa na Brent, mwana wa Marlys, miaka kumi na tisa iliyopita, na mstari wake bado upo, na kando yake mwandiko wa mkwewe: Joleen, Juni. Marlys alishikilia kwamba vyeti ni karatasi tu, bali mwimo hausemi uongo.

Penye wengi pana mengi, na wiki zile nyumba ya Huisman ilikuwa na mengi kupita kiasi. Gari lao jipya la viti kumi na tano halikuingia kwenye banda, likalala nje na matrekta. Mashine ya kufua ilizunguka tangu alfajiri. Wanawake wa kanisani walileta bakuli sita za jeli ya kijani yenye karoti ndani, na Mitike, baada ya kuonja kijiko kimoja, alizibeba moja moja kuwapelekea nguruwe, akidhani ndiko zilikokuwa zinakwenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marlys hakungoja ya tatu. Siku ya pili Admasu alikuwa na ndoo mkononi na zizi la ndama la kuangalia, na alicheka kwa sauti kubwa hata Brent akaja kuona kuna nini. Hakukuwa na kitu. Ndama alikuwa amemlamba sikio.

Joleen alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa amewangoja watoto hawa miaka mitatu, na maneno ya faili lao aliyajua kwa moyo. Baba amefariki. Mama, Zenebech, amefariki. Mvulana miaka sita, msichana miaka mitatu. Usiku mmoja kabla ya safari alimwambia Brent kwamba anasikia kama ana mimba ya mtoto wa nane na wa tisa kwa pamoja, ila safari hii miguu haijavimba.

Jumatatu asubuhi alikuta mwimo umechafuliwa. Mistari myeusi, mifupi, ilipanda kutoka usawa wa goti lake hadi karibu na kiuno, mingine ikiwa na nukta kando, mingine bila. Joleen alikuwa amepaka rangi nyeupe upande ule usio na majina wiki iliyotangulia. Akachukua sponji na sabuni akafuta. Jumanne mistari ilikuwepo tena palepale, akafuta. Jumatano ilikuwepo, mizito zaidi, kama mtu aliyekandamiza kwa hasira, na alipokuwa anaipaka sabuni alihisi kuna mtu nyuma yake. Alikuwa Admasu, akiwa na nguo zake za kulalia zenye picha za matrekta.

"Usifute," alisema. Maneno yake ya Kiingereza yalikuwa bado machache na aliyatumia kwa uangalifu. "Anachoka."

"Nani anachoka, mwanangu?"

"Mama."

"Mimi sijachoka."

Admasu alimtazama kwa huruma. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, akapanda nao mmoja mmoja hadi wa juu, akiiruka ile yenye nukta. Kisha akaenda kulisha ndama.

Brent aliipaka kidoleni akainusa. "Haya ni makaa ya mti mgumu," alisema. "Hapa hatuna." Akanawa mikono akaketi kunywa chai. Marlys alikasirika, lakini kwa sababu moja tu: aliyechora hakuandika tarehe.

Aliyehesabu ni Kendra, binti mkubwa wa miaka kumi na sita, ambaye alikuwa amekuja stoo kutafuta siagi ya karanga. Isiyo na nukta ilikuwa minane. Yenye nukta ilikuwa mitano.

"Mama, kama ni mmoja kila mwaka, Admasu ana miaka minane. Na Mitike ana mitano."

"Faili linasema sita na mitatu."

"Faili halijawahi kumwona akila."

Daktari wa meno alikuwa amesema hivyohivyo. Admasu mwenyewe, alipoulizwa, alinyoosha vidole vinane bila kusita, akashangaa kwa nini hawakuuliza mapema. Nyumba nzima ilipiga kelele za furaha. Walikuwa wamenyang'anywa siku za kuzaliwa nne, mbili kwa kila mtoto, na kwa ukoo wa Huisman deni la keki ni deni. Jumamosi ile zikaokwa keki nne, Mitike akapuliza mishumaa ya ndugu yake pia, Admasu akamwita mwizi kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, na kila mtu akapiga makofi.

Joleen aliipigia simu ofisi iliyowaletea watoto. Mwanamke wa huko alimwambia kwa upole kwamba familia nyingi huomba watoto wadogo, na kwamba umri uliopigwa muhuri ndio umri. Joleen akaandika barua kwa kituo walikotoka watoto. Jibu likatoka kwa mwanamke yuleyule wa ofisini, na muhuri uleule. Shule nayo ilisema inafuata karatasi.

Kuhusu yule aliyechora, Joleen hakuuliza ofisi yoyote. Alijiambia kwamba hata marehemu anaweza kuwa na mkono wa kuchora. Mkwe wake Verlyn, mume wa Marlys, alikufa miaka sita iliyopita, na bado alipita jioni mojamoja kuegemea lango la mabanda na kutoa maoni. Kwa hiyo Joleen aliiacha mistari, akaiwekea maua kwenye glasi sakafuni, na ndani ya moyo wake akaomba mama wa watoto apumzike kwa amani. Aliliomba hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alijua ni kwa nini, na aliona aibu.

Mwezi wa Septemba, kwao Admasu mwaka ulipoanza, mstari wa tisa ulitokea. Ilikuwa Ijumaa, wakati wa kifungua kinywa, watoto saba wakigombea maziwa, Admasu na Mitike wakiwa bado kwa ndama. Ulijichora taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na vumbi kidogo likaanguka kwenye mkate wa Brent, akalipuliza. Wenye nukta ukafuata.

"Mfupi," alisema Marlys akisogeza miwani. "Amekosea. Mtoto amepita hapo tangu Julai."

"Labda hakumbuki vizuri," alisema Joleen.

"Anakisia. Anajua alimwacha wapi, akaongeza vidole viwili." Marlys aliirudisha miwani mfukoni. "Wafu hawakisii, Joleen. Verlyn tangu afe hajakosea hata uzito wa nguruwe. Anayekisia ni aliye hai."

Joleen alipakia vyakula vya mchana tisa kwenye mifuko tisa, akaandika majina, na jina la Admasu akaliandika mara mbili.

Alasiri, Admasu alipotoka shuleni alikwenda moja kwa moja kwenye mwimo akauona. Akageuka, akaweka visigino chini, mgongo wima, macho mbele. Kichwa chake kiliupita mstari kwa vidole vitatu. Akakunja magoti polepole, chini kidogo, chini kidogo tena, hadi nywele zake zikagusa makaa, akabaki hivyo, mapaja yakimtetemeka.

Kwenye mwimo ule hakuna kukunja magoti. Watoto wa Huisman wamechapwa kwa kitabu cha nyimbo kwa kosa dogo kuliko hilo. Mara hii Marlys alikiacha kitabu mezani. Joleen ndiye aliyepiga goti mbele ya mtoto.

"Kwa nini unajikunja?"

"Atajua nimekua bila yeye."

Joleen alitaka kumkumbatia, na alitaka pia, kwa nguvu iliyomtisha, mtoto abaki amejikunja vilevile na mstari ubaki pale chini, na huyo mwanamke aendelee kukisia huko aliko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile Joleen aliujua wa mwenzake.

"Simama wima," alisema. "Anataka kujua. Mimi ningetaka."

Admasu akasimama wima. Joleen akaweka kitabu, akachora kwa penseli.

Wakati huo Bi Pruitt, mkaguzi wa ustawi wa watoto, alikuwa anagonga mlango kwa ziara yake ya tano, moja kila mwezi. Akakaribishwa mezani, akapewa kahawa na kipande cha mkate wa mdalasini. Alikuwa amejaza nusu ya fomu pale mstari wa makaa ulipofutika wenyewe, na mwingine ukajichora vidole vitatu juu yake, juu ya penseli kabisa, na kandoye alama ya dole gumba. Jikoni kukawa sikukuu. Mitike aliruka juu ya kiti, mapacha wakapiga sufuria, Brent alimbeba Admasu mabegani akamzungusha hadi wote wawili wakagonga taa. Joleen alikuwa analia na kucheka. Bi Pruitt alifunika kikombe chake kwa mkono, vumbi lisiingie.

"Mama yao yu hai," Joleen alimwambia.

"Faili linasema amefariki."

"Mstari umesogea mbele yako."

"Nimeuona, mama. Umesogea vizuri sana." Bi Pruitt aligeuza fomu upande wa pili, akatafuta kwa uaminifu, akairudisha. "Lakini hapa hakuna sehemu ya mwimo." Mwenye macho haambiwi tazama, ila huyu macho aliyatumia kusoma fomu. Aliandika: Watoto wanakua vizuri. Akaomba kipande kingine cha mkate cha njiani.

Jumapili, walipotoka kanisani, ulikuwepo mstari mwingine. Haukuwa wa mtoto. Ulikuwa juu, mrefu, umenyooka, kazi ya mtu aliyejipima mwenyewe kwa kupeleka mkono nyuma ya kichwa. Joleen alisimama mbele yake na ukamfika usawa wa mdomo.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Aliyepimwa pale ni wa ukoo. Marlys alichomoa penseli nyuma ya sikio, akainama karibu, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Jina lake mimi nitalikosea. Mwandike wewe."

Admasu alipanda kiti. Aliandika jina la mama yake kwa herufi za kwao, haraka, bila kuinua penseli kufikiri, kwa mwandiko wa mtoto aliyekwisha kusoma miaka miwili na kuwa wa pili darasani. Chini yake Marlys akaongeza: Septemba. Kisha wakala, watu kumi na mbili, na sahani ya kumi na tatu ikawekwa upande wa mlango wa stoo.

Jumatatu asubuhi basi la njano lilisimama barabarani. Admasu alipanda pamoja na wenzake, akashuka shuleni, akaenda darasa la kwanza, akaingiza magoti chini ya meza kwa shida. Wiki hiyo walikuwa wanajifunza herufi B.