Kamba ya Ocaya

Siku ya kufua, wagonjwa wa Nyumba ya Wema walianika mashuka yao kwenye kamba ya Ocaya. Ilikuwa kamba imara ya katani. Ilianzia kiunoni mwake, ikatoka nje kwa mlango wa bweni, ikakatiza ua na kupotelea upande wa pili wa lango. Walimwomba kitu kimoja tu, atulie kitandani hadi nguo zikauke.

"Baba Aber, usijigeuze!" Akongo alimpigia kelele kutoka uani. "Shuka langu linaburuta chini."

"Sijigeuzi," Ocaya alijibu. "Ninavutwa."

"Basi mwambie huyo anayekuvuta kwamba leo tunafua."

Akongo aliwahi kuuza pombe kali ya waragi kabla waragi haijamuuza yeye. Alikuwa na mdomo, lakini moyo wake haukuwa na shida.

Kamba ilionekana Ocaya alipokuwa hajanywa. Akinywa kidogo ililegea. Akinywa sana iliyeyuka kabisa, naye akatembea atakako kama watu wengine, ila tu watu wengine hawalali mitaroni. Mji mzima ulilijua jambo hilo. Huku kwetu Acholi, baada ya vita, kila mtu alirudi na kitu, na si adabu kukodolea macho cha mwenzio.

Nyumba ya Wema ilitibu walevi, na ilijengwa palepale ilipokuwa kambi ambamo tulifungiwa miaka ya vita. Mkuu wake alikuwa Mwalimu Komakech, aliyestaafu shule ya msingi na kuamini kwamba hakuna ugonjwa usiosikia kanuni. Kwake yeye kamba ilikuwa utovu wa nidhamu. Kila Ocaya alipolazwa, Komakech alichukua panga lake nyuma ya mlango wa ofisi na kuikata kamba kizingitini. Jioni ilikuwa imekwisha kuota tena, safari hiyo ikiwa imemkaba Ocaya mbavu hata asiweze kuvuta pumzi. Ocaya aliruka seng'enge akatafuta chupa. Kisha ikasemwa kwamba hana nia ya kupona. Hana nia! Mtu anayechanwa na miiba ya chuma apate pumzi, wanasema hana nia.

Safari hii kulikuwa na jambo. Binti yake, Aber, alikuwa amechumbiwa, na upande wa mwanamume ungekuja kuzungumza baada ya mavuno ya ufuta. Siku hiyo baba hukaa kwenye kiti chake, macho makavu, akawajibu wageni neno kwa neno. Baba asipofaa, nduguye hukaa badala yake. Ndugu wa Ocaya, Otim, alikuwa ameshapiga koti lake pasi.

Aber alikuja kumwona baba yake siku ya wageni. Hakukaa.

"Baba, sitaki kuozwa na baba mdogo. Nakutaka wewe kwenye kile kiti. Lakini ukija umelewa nitawarudisha wageni mlangoni, na mimi sitaolewa kamwe."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimesema."

Komakech naye aliongeza lake. Akitoroka tena, asirudi.

Wiki hiyo ndipo alipofika muuguzi mpya, Sista Lanyero, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini isiyoharakishwa na mtu. Hakumuuliza Ocaya amekunywa kiasi gani maishani mwake. Alivuta kigoda akakaa, akaitazama kamba, kisha akasema, "Naomba ruhusa ya kuigusa."

Kamba ya Ocaya ilikuwa imekatwa, imerukwa, imeanikiwa nguo. Haikuwa imeombewa ruhusa. Ocaya akatikisa kichwa kukubali.

Lanyero aliishika kwa vidole viwili. "Kuna mtu," akasema.

"Najua."

"Ni nani?"

"Dada yangu. Lamwaka." Jina hilo hakuwa amelitamka tangu utotoni, na likamtoka kwa sauti ya kitoto. "Waasi walitufunga viunoni, watoto wa kijiji kizima, kamba moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye minane. Tulipofika mto Aswa miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kutembea. Nikasema nitambeba. Wakasema hapana."

"Wakafanyaje?"

"Waliikata kamba kati yetu. Kwa panga. Yeye akabaki ukingoni."

Akongo, aliyekuwa mlangoni akijifanya anafagia, aliacha kufagia.

Ocaya alieleza na yaliyofuata. Alipotoroka akarudi nyumbani, wazee walimwekea yai la kumtakasa mlangoni mwa boma kama inavyopasa, akalikanyaga, likapasuka, wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyemuuliza alikotoka wala alikuwa na nani, kwa sababu kwetu anayerudi hakaribishwi kwa maswali. Ni desturi ya huruma. Lakini yai lilikuwa moja, na walioingia bomani walikuwa wawili, yeye na yule aliye mwisho wa kamba.

Lanyero alikwenda ofisini.

"Mwalimu, yule hatibiwi kwa panga."

"Atibiwe kwa nini basi? Kwa kubembelezwa?"

"Kwa kuulizwa yaliyomkuta."

"Yametukuta sote, Sista! Mimi pia nimelala kambini. Nimezika kambini. Mbona sinywi?"

"Hunywi. Unakata kamba za watu."

Lanyero akaomba waifuate kamba hadi inakoishia; Komakech akalitazama panga nyuma ya mlango. Kisha akasema kwamba kama wanataka kutoka watoke, ila warudi kabla ya chakula, na lawama zote ziwe juu yake Lanyero.

Walitoka watatu. Ocaya alitangulia akiikunja kamba begani kadiri alivyokwenda, Lanyero akafuata, na Akongo akabeba dumu la maji, maana alisema hajawahi kuona safari ya maana isiyo na maji. Kamba ilipita nyuma ya soko, ambako waendesha boda waliinyanyua kwa mkono wapite chini yake bila kukatiza mazungumzo. Ikapita kwenye mashamba ya mtama. Ikawafikisha ukingoni mwa mto Aswa, kwenye ghala kubwa lenye ukuta, na hapo ikazama chini ya msingi.

Ghala lilikuwa la Kanali mmoja. Ardhi ile aliipata wenyewe walipokuwa kambini, ambako mtu hakuruhusiwa kutoka hata kwenda kupinga.

"Kumbe hii kamba ni yenu," mlinzi alisema. "Nikiikanyaga inalia. Nimeshazoea kuiruka."

Ocaya alipiga magoti, akaweka sikio ukutani.

"Kaka," sauti ya mtoto ilisema kutoka chini, "umechelewa."

"Nimechelewa, Lamwaka."

"Nilivuta sana."

"Nilisikia. Nilikuwa ninakunywa nisisikie."

"Wenzangu wanauliza kama kuna maji."

"Wenzako?"

"Waliobaki kama mimi. Tumebanana. Ufuta wa watu uko juu yetu."

Akongo hakungoja kuambiwa. Aliinamisha dumu pale kamba ilipoingilia ardhini, maji yakashuka, na wote wanne wakasikia yanavyomezwa. Mlinzi aligeukia upande wa mto akajipangusa uso kwa kofia.

Mlinzi ndiye aliyempigia Kanali simu kumwomba sakafu ivunjwe. Kanali alijibu kwa upole kwamba sakafu ni mpya, saruji yenyewe ghali, na katika hati ya ardhi hakutajwa watoto. Baadaye Lanyero alikwenda ofisi za serikali, moja baada ya nyingine, akaambiwa yaleyale kwa upole uleule.

Ila siku ile, kabla hawajaondoka, Ocaya alisimama akaushika ukuta kwa mikono miwili. "Lamwaka, sikia! Kamba hii haikatwi tena. Si na mimi, si na mtu yeyote. Sikukuacha. Waliniondoa!"

"Najua," sauti ikasema. "Nilikuwepo."

Ocaya hakupona siku ile, maana watu hawaponi hivyo. Kamba iliendelea kumvuta, na ilipovuta sana wagonjwa wenzake waliacha walichokuwa wakifanya wakaishika pamoja naye, mmoja nyuma ya mwingine, hadi ikatulia. Jioni moja Komakech alitoka ofisini, akajipanga nyuma ya Akongo akashika naye. Panga alishalipeleka jikoni kuchanja kuni.

Mara moja Ocaya alikunywa. Alirudi alfajiri akinuka, nguo zake zimefungwa tayari katika kifurushi, akijua lililokwisha kusemwa. Lanyero alimpa uji akamuuliza jana kulikuwa na nini. Kulikuwa na malori. Kanali alikuwa amepakia ghala hadi paani, na mzigo wote ule Ocaya aliusikia kiunoni. Komakech alikichukua kile kifurushi, akakirudisha bwenini mwenyewe.

Mavuno yalipokwisha wageni walikuja nyumbani kwao Aber. Walimkuta Ocaya kwenye kiti chake, macho makavu, na Otim kando yake na koti lake lisilo na kazi. Wageni waliiruka kamba mlangoni wakaketi. Wakajibiwa neno kwa neno. Walikula malakwang na karanga, wakasifu mboga, mazungumzo yakaenda vizuri hadi msemaji wao, mzee mwenye kikohozi, alipouliza, "Na shangazi yuko wapi?"

Kwetu bibi harusi hatoki kwa baba yake kabla dada ya baba hajapewa chake.

"Marehemu," Otim aliwahi kusema. "Tuendelee."

"Yuko upande ule wa kamba," Ocaya alisema. "Hawajamruhusu kutoka. Ana miaka minane."

Mzee alifikiri. "Shangazi mdogo," akasema, "lakini ni shangazi. Mbuzi wake tunaye. Mpelekeeni."

Walikwenda wote, pande mbili za ukoo, wakiifuata kamba katikati ya soko na mbuzi wa kahawia mbele. Langoni mwa ghala mlinzi alisema kwamba mifugo hairuhusiwi, akawapisha. Aber alimchukua mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, akamfunga kwenye kamba ya baba yake pale inapozama.

"Shangazi," akasema, "ninaolewa. Hiki ni chako. Yeyote atakayekigusa atajibu kwetu."

"Ni jike?" sauti ikauliza.

"Ni jike."

"Vizuri. Basi nenda."

Kanali aliagiza mbuzi aondolewe. Mlinzi alimfungua, mbuzi akabaki amesimama palepale. Waliletwa askari wa kumbeba, hawakuweza kumnyanyua, wakasaini kwamba hawakumkuta.

Ghala bado lipo, na mwaka huu limeongezwa upande wa mtoni. Mbuzi amezaa mapacha mara mbili, wote ni mali ya Lamwaka, na malori ya Kanali hupiga honi yakangoja wavuke. Ocaya huenda kuwakatia majani. Hanuki pombe. Kamba ikimvuta, naye huivuta.