Taa Zilizotazama Juu

Kapteni aliacha udereva wa mabasi kwa lazima, si kwa uzee. Presha ya macho ilikuwa imemla uoni polepole, kuanzia upande wa chini, na daktari hakumficha: kilichokwenda hakirudi, tutalinda kilichobaki. Siku ile alirudi nyumbani, akamkabidhi mkewe ufunguo wa gari lao dogo, akaenda kulala mchana kweupe. Tangu hapo mkewe, mpishi wa hospitali anayetakiwa jikoni kabla jua halijachomoza, ndiye akawa dereva. Kapteni alibaki kusikiliza mlio wa injini ukiishia getini.

Ndiyo maana alipotangaza kwamba anazifanyia ukarabati taa za mbele, mkewe hakuwa na moyo wa kumkatalia. Na kweli vioo vyake vilikuwa vimechakaa, vya manjano kama meno ya mvuta sigara.

"Mke wangu hawezi kutembea gizani na vibatari," alisema Kapteni.

Akazing'oa zote mbili kwa kupapasa, akazilaza juu ya taulo ndani ya oveni ya mkewe ili gundi ilainike, azifungue. Jikoni kukanuka plastiki, na keki iliyofuata ikanuka plastiki vilevile, lakini nani angethubutu kulalamika? Mtu aliyekuwa akishinda kitandani ameupa mlango mgongo sasa alikuwa anapiga mluzi. Alivisugua vioo kwa msasa laini na maji hadi vikang'aa, akapaka rangi nyeusi ndani ya kasha, akatia balbu mpya za mwanga mweupe, akaziba kingo kwa silikoni, akazirudisha garini. Vidole vyake havikukosea hata mara moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuzilenga. Nyuma ya kila taa kuna skrubu inayoipandisha au kuishusha, na mwanga unapaswa kubaki chini, barabarani. Giza lilipoanza kuingia wakaligeuza gari liutazame ukuta wa uani. Kapteni aliinama kwenye boneti na bisibisi, akaukodolea macho ukuta, akazungusha. Hakuona kitu, kwani macho yake yalibakiza upande wa juu tu. Akazungusha tena, na tena.

"Hapo! Sasa naiona. Iko sawa?"

Mkewe, aliyesimama kando, aliona mwanga umeupanda ukuta wote, umeruka upande wa pili na kutua kwenye dirisha la jirani. Kisha akautazama uso wa mumewe. Alikuwa hajauona uso ule kwa muda mrefu.

"Sawasawa kabisa, Kapteni."

Kuanzia alfajiri iliyofuata, kila gari lililokuja mbele yake lilimwashia na kumzimia taa. Wengine walipiga honi. Mmoja alishusha kioo akamporomoshea matusi ya nguoni. Fundi yeyote wa gereji angezishusha kabla chai haijapoa, na mama wa watu alilifikiria hilo kila siku. Lakini kila jioni Kapteni alimwomba awashe, aione kazi yake ukutani. Zikishushwa asingeiona, na angejua. Alikuwa amebakiwa na jambo hilo moja tu.

Siku ya kliniki walitoka pamoja kungali giza. Magari yakaanza kuwamulika.

"Mbona wanatuwashia hivi?" aliuliza Kapteni.

"Wanakusalimia wewe. Madereva wenzako hao, wamelitambua gari."

Kapteni akacheka, akakaa vizuri kitini, na njia nzima akawa anawapungia mkono watu waliokuwa wakimlaani. Mkewe alijikaza kisabuni, macho mbele.

Mambo yaliharibika asubuhi moja karibu na hospitali. Muuza maziwa alitokea kwenye kona na baiskeli yake, akainua mkono kujikinga uso, akayumba na kutumbukia mtaroni. Mama wa watu alifunga breki, akashuka mbio, roho mkononi. Yule bwana alikuwa hai, amelowa maziwa na matope, mkono umechubuka.

"Mama, umenipofusha!" alisema. "Sikuona barabara, sikuona mtaro, sikuona chochote. Leo nusura uniue."

Alimpeleka akafungwe kidonda, akaingia jikoni kwake, akashindwa hata kushika mwiko. Aliona aibu hasa. Alikuwa amemhurumia mtu mmoja kwa kuwahatarisha wote wanaopita.

Jioni alipiga moyo konde. Akaketi mbele ya mumewe na kumwambia yote: dirisha la jirani, muuza maziwa, mtaro. "Nilikudanganya. Na wale siku ya kliniki hawakuwa wakikusalimia."

Alitegemea Kapteni awe mbogo. Kapteni aliweka mikono magotini.

"Nilikuwa nawapungia mkono," alisema.

"Nisamehe, mume wangu."

"Amevunjika, huyo wa maziwa?"

"Hapana. Amechubuka tu."

Kapteni akashusha pumzi. Akanyanyuka, akapapasa rafuni mpaka akaipata bisibisi, akatoka uani. Mkewe aliwasha taa, kisha akaenda kusimama karibu na ukuta.

"Leo usinihurumie," Kapteni alimwambia. "Sema unachokiona wewe."

"Shusha."

Akazungusha.

"Shusha tena. Bado iko juu."

Mwanga ukateremka taratibu, ukaliacha dirisha la jirani, ukauacha ukingo wa ukuta, ukakaribia kiuno cha mkewe. Mkono wa Kapteni ukasita.

"Zimezimika?"

"Hapana, Kapteni. Zinawaka."

Alibaki ameinama pale, akiutazama ukuta ambao kwake ulikuwa giza tupu.

"Wewe unaiona?"

"Naiona vizuri sana."

"Imefika?"

Mkewe alitamani aseme imefika. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

"Bado kidogo," alisema, na Kapteni akazungusha.