Semina ya Mlimani

Muuguzi alimdanganya mama yake bila kupepesa macho: "Mama, kazini wananipeleka semina, siku tatu tu."

Semina gani! Miezi miwili alikuwa akiipanga safari yake ya peke yake kwenye daftari: basi la alfajiri, nyumba ya wageni, na njia ya kupanda hadi kwenye yale maporomoko ya ajabu, ambako upepo huyarudisha maji juu. Mama, na magoti yake mabovu, aliwahi kumwambia, "Siku ukienda kutembea, mwanangu, na mimi nimo." Lakini nani asukume kiti chake cha magurudumu mlimani?

Sasa amefika. Maji yanapanda angani kama yaliyopotea njia, lakini hana wa kumwonyesha. Baridi ilipomzidi akapekua begi. Chini kabisa akakuta sweta la mama, limekunjwa mkunjo anaoujua tangu utotoni. Mfukoni mlikuwa na kikaratasi:

"Juzi uliliacha daftari lako wazi mezani. Semina za mlimani zina baridi, vaa. Ukirudi unisimulie maji yanavyopanda, usinifiche hata tone."