Dungusi Kwenye Pango la Mtoto

Mtu angeweza kupita juu ya dungusi hizo maisha yake yote asizione. Ziliota upande wa kaskazini wa Mwamba Mweupe, mahali ambapo jua la mchana halifiki, ndani ya nyufa za jiwe la jasi ambalo ukilikwaruza kwa kucha linatoka unga. Kila moja ilikuwa bapa kama kifungo cha koti, imezama ardhini hadi shingoni, na miiba yake ya kijivu ililala pande mbili kama meno ya kitana. Rangi yake na rangi ya jiwe ilikuwa moja. Mungu alizificha, na alizificha vizuri. Sisi watu wa Santa Rita, tuliozaliwa chini ya mwamba ule, hatukuzijua.

Aliyezigundua ni Celsa, binti wa Otilia, siku aliyochoka kufuata mbuzi akaketi juu ya moja. Alicheka mwenyewe alipokuwa akisimulia. Wakati huo alikuwapo kijijini mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Zenaida, mtaalamu wa mimea, na Celsa akampeleka kumwonyesha kitu kilichomchoma. Zenaida alipiga magoti pale mwambani akatoa lenzi yake. Tangu siku hiyo wakawa wanapanda pamoja kila alipokuja.

Kisha Celsa alishikwa na tumbo wakati mto umefurika. Gari halikuweza kuvuka. Alifia mikononi mwa mama yake, akiwa bado msichana. Baba yake alikuwa amekwenda ng'ambo ya mpaka tangu mtoto ananyonya, wala hakurudi, kwa hiyo Otilia alibaki peke yake katika nyumba yenye vitanda viwili. Watu waliendelea kumwita Mama Celsa.

Siku ya tisa ya sala za marehemu, Zenaida alimwambia jambo moja jikoni. Alisema mmea ule ukithibitika kuwa spishi yake yenyewe, yeye atakayeueleza kwa mara ya kwanza ndiye mwenye haki ya kuupa jina, naye atauita kwa jina la Celsa. Jina hilo litaandikwa katika vitabu vya dunia nzima, na halitafutwa.

"Hata mimi nikifa?" Otilia aliuliza.

"Hata sote tukifa, Mama Celsa."

Otilia hakuwa na mjukuu, wala hakuwa na fedha za kuchonga jiwe la kaburi. Alilishika neno lile kama mtu anavyoshika kamba kisimani.

Lakini wakubwa wa Zenaida mjini hawakukubali. Walitazama ua na miiba aliyowapelekea, wakasema hiyo ni dungusi ya kawaida ya bonde lile, iliyodumaa kwa kukosa jua. Ua lilifanana, miiba ilifanana. Kilichobaki ni mbegu. Dungusi ya kawaida ina mbegu nyeusi, laini pande zote. Zenaida aliamini kuwa hii ya mwambani ina mbegu yenye kikofia cheupe, chepesi kama kizibo cha chupa, kinachoifanya ielee juu ya maji ya mvua hadi ufa mwingine. Ikiwa na kikofia, ni spishi mpya. Ikiwa haina, maneno yamekwisha. Shida ni kwamba tunda lake hujificha ndani ya mwili wa mmea karibu mwaka mzima, na zile tu zilizozeeka huzaa. Mwaka ule zilichanua vizuri. Zenaida alisema matunda yangetokeza Januari. Alimwomba Otilia azitazame, asiweke alama yoyote, asimwambie mtu.

Kumwambia mtu hakukuhitajika, kwa maana Bi Hermelinda alikwisha kusikia. Huyu alikuwa dada wa yule mume aliyepotea, mwanamke wa rozari tatu kwa siku, na pango lake la Noeli, lenye hori la Mtoto Yesu, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote Santa Rita. Celsa lilikuwa jina la mama yake mzazi. Otilia alipomzaa binti alimpa jina la mkwewe, kama inavyotakiwa, na Hermelinda hakuwahi kumsamehe mtoto yule kwa kutofanana na mama yake hata kidogo. Siku moja, mbele ya wanawake waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga mahindi, alimsimamisha wifi yake.

"Kwanza ulimfukuza kaka yangu," alisema, "sasa jina la mama yangu unataka kulibandika kwenye mwiba."

Otilia alijibu kwa upole kwamba ni kwa heshima ya binti yake.

"Binti yako alikufa. Mama yangu naye alikufa. Tofauti ni kwamba mama yangu alikufa akiwa ameungama."

Wanawake walitazama ndoo zao. Padre hakuweza kuvuka mto siku ile Celsa alipokufa, na kila mmoja wetu alijua hivyo.

Mwezi wa kumi jua lilipatwa. Huko kwetu jua au mwezi ukipatwa, wenye mimba huvaa kitambaa chekundu kiunoni, na mti wenye matunda machanga hufungwa uzi mwekundu ili usiyaangushe. Hakuna anayeacha kufanya hivyo, hata mwenye shule. Otilia alifikiri juu ya matunda yaliyojificha ndani ya zile dungusi. Alikumbuka alivyoambiwa asiweke alama. Lakini uzi wa kukinga madhara ya kupatwa kwa jua haukuwa alama machoni pake, ulikuwa ulinzi. Alipanda asubuhi na mapema na kibunda cha sufu nyekundu, akaifunga kila dungusi iliyozeeka huku akiisalimia, Salamu Maria moja kwa kila fundo. Jua likafifia, likarudi. Alishuka akiwa na amani.

Ukisimama kwenye mtumbwi pale kivukoni, ulikuwa unauona mwamba wote mweupe, na juu yake vidoa vyekundu, kimoja hapa, kimoja pale, vinakuonyesha njia.

Katikati ya Desemba, Bi Hermelinda alimtuma mwanawe Abundio kwa Otilia na kikapu cha mikate kilichofunikwa kitambaa kilichotariziwa. Kikapu hicho maana yake ni moja tu: mwenye pango anakuomba uwe msimamizi wa Mtoto. Msimamizi humshonea Mtoto Yesu nguo, humlaza horini usiku wa Noeli, na humwinua siku ya Kutolewa Hekaluni, tarehe mbili Februari. Kazi hiyo ni ya miaka mitatu, kikapu huja kila Desemba, na aliyekipokea hakirudishi. Otilia alilia. Aliona kuwa Mungu ameulainisha moyo wa wifi yake. Alishona kanzu nyeupe kutoka kitambaa cha gauni la Celsa la Komunyo ya Kwanza.

Usiku wa Noeli aliingia amembeba Mtoto juu ya mto mdogo, sisi nyuma yake tukiimba na mishumaa. Pango lilijaza ukuta mzima. Kulikuwa na milima ya karatasi, mto wa vioo, wachungaji, bata, taa za rangi. Na kuzunguka hori, zimepangwa kama mawe ya bustani, zilikuwapo dungusi za Mwamba Mweupe. Zote, za zamani na zile changa za ukubwa wa dengu. Zilikuwa zimekatwa mizizi ili zikae sawa juu ya mbao, na zimepakwa rangi ya fedha inayong'aa. Nyuzi nyekundu zilikuwa bado zimefungwa.

Otilia alisimama. Wimbo ulikuwa umefika kwenye ubeti wa kulaza.

"Mlaze, wifi," Hermelinda alisema taratibu. "Mtoto anapata baridi."

Akamlaza. Ilimbidi aingize mkono katikati ya miiba ili kumfikisha horini, na alipoutoa ulikuwa na damu kidogo kwenye vifundo, naye akaufuta kwa mtandio wake.

Zenaida alifika siku mbili baadaye. Kwanza alipanda mwambani, akakuta mashimo tu. Kisha alikwenda kwa Bi Hermelinda na vumbi lake. Sebule ilikuwa imejaa watu wa rozari. Alieleza, kwanza kwa adabu, halafu kwa sauti iliyopasuka, kwamba hizo ndizo za mwisho anazozijua, kwamba bado zina uhai kidogo, kwamba baadhi zina matunda ndani. Aliomba apewe moja tu.

Hermelinda alimwambia achukue, ila amwombe Mtoto mwenyewe ruhusa, maana sasa ni mali yake. Zenaida akanyoosha mkono kweli.

Aliyeukamata ni Otilia.

Huko kwetu husemwa kwamba anayegusa pango kabla Mtoto hajainuliwa huwanyima marehemu wake raha hadi Noeli nyingine. Msimamizi ndiye anayelinda. Otilia aliushika mkono wa rafiki yake kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa. Alikuwa anataka jina la Celsa kuliko kitu chochote duniani, lakini hakuweza kulinunua kwa raha ya Celsa. Hermelinda alitazama mikono ile miwili iking'ang'aniana juu ya Mtoto, kisha akaendelea na fumbo la nne la rozari.

Nje, Zenaida alipotulia, alisema tumaini halijaisha. Dungusi iliyong'olewa hukauka polepole, na tunda lililokomaa linaweza kutokeza hata mmea ukiwa unakufa. Mbegu ndani ya tunda kavu hukaa hai. Zikipatikana Februari, zitatosha: nusu watazipima, nusu watazipanda.

Kwa hiyo Otilia alingoja. Msimamizi ana ruhusa ya kusali mbele ya pango kila siku, na kila siku alikwenda. Hermelinda alimwekea kiti chenye mguu mbovu. Baada ya sikukuu ya Mamajusi, tunda la kwanza lilichungulia kati ya miiba ya fedha, jekundu, jembamba, kama pilipili ndogo ya mtoto anayecheza kupika. Kisha la pili. Mwisho wa Januari yalikuwa mengi. Dungusi zenyewe zilikuwa zimesinyaa kama ngozi ya kisigino, lakini matunda yalisimama. Alasiri moja aliachwa peke yake nayo. Mkono wake ulifika hadi kwenye sikio la punda wa udongo, ukarudi. Alimshukuru Mungu kwa kuurudisha. Hakujua kuwa Hermelinda alikuwa nyuma ya pazia, wala kwamba naye alikuwa anayahesabu matunda yale.

Siku ya Kutolewa Hekaluni, Zenaida alikatazwa kuingia. Alibaki nyumbani kwa Otilia na lenzi yake, kipande cha karatasi nyeupe, na udongo wa jasi aliokwisha kuuchekecha. Otilia alivaa vizuri. Lakini alipokaribia pango aliona mara moja kwamba dungusi zilikuwa tupu. Palipokuwa na matunda palibaki vitundu.

Alimwinua Mtoto. Watu wakambusu mmoja mmoja. Tamale, mikate ya mahindi iliyofungwa kwa majani, zikatolewa, na Bi Hermelinda mwenyewe akaleta kikombe cha kwanza cha uji wa mahindi, cha msimamizi, ambacho hunywewa kwa kusimama na hakiachwi na tone. Uji ulikuwa wa rangi ya waridi. Otilia alikunywa. Ulikuwa mtamu, wenye uchachu kidogo, na kitu kama mchanga kikamsagika kati ya meno.

Alisita na kikombe mdomoni.

"Si ulikuwa unayasubiri, wifi?" Hermelinda alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nimekuchumia yote. Nimeyasaga kwa mkono wangu. Maliza."

Wengine walidhani ni utani wa mawifi, wakacheka. Otilia alimaliza. Aliongoza sala ya mwisho mdomo ukiwa karibu umefumba, akambeba Mtoto hadi kabatini, akawaaga wote kwa kichwa. Hakula tamale. Hakunywa maji. Alikwenda nyumbani akipumua kwa pua.

Akaketi mbele ya Zenaida, akafungua kinywa kama mtu aliye kwa daktari wa meno.

Zenaida alielewa kabla ya kuambiwa. Alitumia sindano ya kushonea na kurunzi. Vilivyotoka vilikuwa vipande, maganda, uji. Ndani kabisa, kwenye gego lililotoboka, alipata mbegu moja nzima. Aliiweka juu ya karatasi, akainama na lenzi, akakaa hivyo hadi Otilia akadhani amelala.

"Ina kofia," alisema.

"Basi ni yeye."

"Ni yeye, Mama Celsa. Ni spishi yake yenyewe. Haipo nyingine."

"Basi iandike."

Zenaida aliweka lenzi chini. Alimweleza kwamba jina haliandikwi hewani. Lazima uwepo mmea mmoja uliohifadhiwa pamoja na tunda lake katika jumba la mimea mikavu, ili anayebisha aende akautazame. Aliyokuwa nayo ni ua kuukuu, miiba, na mbegu iliyochemshwa iliyotoka kinywani mwa mtu. Alikwenda nayo mjini hata hivyo. Wakubwa walimsikiliza hadi mwisho, na mmoja akauliza kama mama yule hakuwa amekula mkate wa ufuta. Dungusi ya Mwamba Mweupe iliandikwa chini ya ile ya kawaida, mstari mmoja, pamoja na neno kwamba haionekani tena mahali pale. Zenaida alipanda miamba mingine ya bonde kwa miezi, akapata jasi tupu. Barua zake zikawa fupi, kisha zikakoma.

Desemba ilirudi. Otilia alikuwa anashona kanzu ya mwaka wa pili Abundio alipopiga hodi na kikapu.

"Shikamoo, Mama Celsa. Mama anauliza kama unajua mwamba mwingine wenye dungusi kama zile za mwaka jana. Watu walizisifu sana."

"Hakuna," Otilia alisema. "Zile zilikuwa za aina yake."

Kijana alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hakuwa na ubaya, alikuwa tu mtoto wa mama yake.

"Mbona mjini walisema ni za kawaida?"

Otilia aliupeleka uzi mdomoni, akaukata kwa meno, akapokea kikapu.