Kugawanya 17,056,891

Baba alifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Macho yalipomtupa mkono, akanigeuza mimi kuwa ubao wake. Nafua mashuka ya hospitali tangu alfajiri. Nikifika kwake saa kumi alasiri miguu imevimba, vidole vimekunjamana kwa maji, naye yuko kitini ananisubiri na namba yake.

17,056,891. Aliitoa kichwani mwenyewe. Alitaka tujue kama ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Njia yake ni ya kizamani: unaijaribu kwa kila namba tasa, mbili, tatu, tano, saba, hadi ukaribie 4,130, maana 4,130 mara yenyewe tayari inaizidi. Moja kwa siku, basi. Kikokotoo marufuku. "Mashine haina adabu," husema, "inamaliza kabla hujakaa." Mimi naandika na kusoma baki kwa sauti, yeye anahakiki kichwani.

Tumekwenda hivyo mwaka na nusu na ushei. Nimechoka mpaka naichukia kalamu. Msimamizi wetu wa ufuaji ananitaka kwenye hospitali mpya, mji mwingine, kazi ya kukaa kitini, si ya kusimama. Nilimwomba anisubiri nimalize shughuli ya baba. Sikuthubutu kumwambia shughuli yenyewe ni kugawanya. Baba anajua yote. Namba ikiisha, nahama.

Jana zamu ilikuwa ya 4,127.

"Inabaki ngapi, mama?"

"Sifuri." Nilisoma tena, nikapiga kelele. "Sifuri, baba! Ni 4,127 mara 4,133! Si tasa, tumeikamata!"

Hakucheka. "Rudia."

Nikarudia. Sifuri ile ile.

"Haya," akasema, akawa anapapasa mkono wa kiti. Mtu aliyetafuta jibu muda wote huo hapokei jibu namna ile.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Ni 4,130 mara yenyewe, toa tisa. Na tisa ni tatu mara tatu. Unarudi nyuma hatua tatu, unakwenda mbele hatua tatu, umezipata zote mbili. Niliitunga hivyo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungekunywa chai ukaondoka."

Hasira zilinipanda. Siku mia tano sitini na saba, na mgongo huu! Nikavaa viatu.

"Unahama lini?"

"Jumatatu."

Akatikisa kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia: "Kwenye orodha bado kuna 4,129."

Haikuwa na kazi tena. Namba ikishagawanyika imegawanyika. Hata yule wa mkiani darasani angemwambia.

Nilivua viatu, nikaketi. Niliigawanya polepole kuliko zote, nikamsomea kila mstari, mpaka ikabaki elfu nne mia moja ishirini na moja.